Daftari Lililouliza Ng'ombe ni Wangapi

Papa alinidanganya mara moja tu tangu nizaliwe, na aliyemusukuma kunidanganya ni mimi mwenyewe, na aplikasyo yangu ya telefone.

Niseme mapema kwamba mimi ni mutu wa hasira za karibu. Marehemu mama alizoea kusema kwamba nilitoka tumboni uso tayari umekunjwa. Nilipoambiwa kwamba informatike, masomo ya kompyuta, si kazi ya binti, niliisoma kwa hasira hadi nikaimaliza, kisha mimi na mwenzangu mumoja wa darasani tukakodi chumba pale Kituku, juu ya soko la samaki. Kompyuta zetu mbili zilinuka sambaza, wale dagaa wa ziwani, kutwa nzima. Umeme ulikuja ukipenda. Rezo, yaani mutandao, ilikuwa na desturi ya kukatika siku ileile tuliyoita mugeni kumuonyesha kazi. Tulivumilia, kwa sababu tulikuwa na wazo, na tulilipenda.

Wazo lenyewe ni hili. Goma imejaa watu wenye ng'ombe wasiowaona. Wametoka milima ya Masisi, wengine kwa kukimbia, wengine kwa kufuata shule ya watoto, na ng'ombe wao wamebaki huko juu mikononi mwa rafiki. Hakuna karatasi. Unamupa mwenzako ng'ombe akutunzie, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na baada ya miaka unamutengea naye ndama wake. Wakiwa hai wote wawili, mambo yanakwenda. Mwenye ng'ombe akifa, watoto wanapanda mulima, wanaambiwa baba yenu aliacha wawili, wao wanasema watano, na undugu uliojengwa maisha mazima unavunjika kabla ya saa sita. Niliyaona hayo kwa majirani zetu, tena si mara moja.

Tukasema, hapa blokcheni imepata kazi. Wazee niliwaeleza hivi: ni daftari, lakini nakala zake ziko kwenye mashini za watu wengi, dunia nzima. Kilichoandikwa leo kimefungwa kwa kilichoandikwa jana, kwa hiyo hakuna wa kufuta, si shefu wa kijiji, si askari, hata mimi niliyeitengeneza siwezi. Hilo la mwisho nililisema nikiwa nimeinua kidevu.

Wazee walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza mambo ambayo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza. Mumoja alitaka kujua biro, yaani ofisi, iko wapi. Nikamwambia haina biro, na huo ndio uzuri wake. Akauliza, sasa nikidhulumiwa nitagonga meza ya nani? Mwingine nilimupa yale maneno kumi na mbili ya siri ya kufungulia daftari lake, nikamuonya kwamba akiyapoteza amepoteza kila kitu, na asimwambie mutu, hata muke wake. Akairudisha telefone kwangu akiisukuma kwa kidole kimoja. Akasema kwao mambo ya namna hiyo yana jina, na anayeyafanya anafukuzwa kijijini. Wengi wao walikuwa na telefone za vitufe tu, zisizoweza kuibeba aplikasyo. Na kila mustari uliotaka kuandikwa ulidai ada yake kidogo, katika pesa isiyoshikika mukononi, tukawa tunailipa sisi kutoka mifukoni mwetu. Miezi ikapita bila kupata hata mutu mumoja wa kujaribu.

Ndipo Papa akasema atakuwa wa kwanza. Hakuwa amependa ile kitu, najua. Aliniona ninarudi nyumbani na uso wangu ule, akanihurumia.

Papa alichunga ng'ombe tangu akiwa mutoto wa kutembea peku hadi vita vilipomuteremsha Goma, na hapa mujini hajawahi kuzoea. Anakaa kwenye kiti chake uani, fimbo magotini, anaangalia ukuta wa mawe meusi kana kwamba kuna malisho nyuma yake. Ng'ombe wake aliwaacha kwa rafiki yake. Huyo rafiki tulimuita Papa wa Mulimani tangu utotoni, na nitamuita hivyo hapa. Walikua pamoja. Walipokuwa vijana, Papa alimupa mutamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kwetu mutu akikupa mutamba amekupa undugu. Huwezi tena kumusema vibaya, wala watoto wako hawawezi kumunyima maji. Mama alipofariki, Papa wa Mulimani aliteremka kwa miguu siku mbili, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, akakaa matanga hadi mwisho akiwa na viatu vilivyopasuka.

Basi Jumamosi moja nilikaa mbele ya Papa na telefone, nikamusomea swali la kwanza. Ng'ombe wako ni wangapi?

Papa aliangalia ukuta. Akaangalia telefone. Akakohoa kidogo, akasema, saba. Nikaandika saba, nikamushika kidole akabonyeza, ada ikakatwa, kazi ikaisha. Nilifurahi. Nilimupikia viazi na nyama siku hiyo.

Wiki iliyofuata mwenzangu alipanda Masisi kwa pikipiki na telefone ya pili, akakutana na Papa wa Mulimani kwenye senta ambako rezo inafika, akamuuliza swali lilelile. Ng'ombe wa rafiki yako unaowatunza ni wangapi? Yule muzee alijifikiria, kisha akasema, watano. Akabonyeza. Na aplikasyo yangu, niliyoifundisha vizuri, ikawaka nyekundu na kuandika: *Hazilingani.*

Hapo ningeweza kunyamaza, lakini tulikuwa tumeweka kwamba kila daftari lina mushahidi wa familia anayepokea ujumbe. Mushahidi wetu alikuwa yaya wangu, kaka yangu mukubwa, anayenunua shu, yaani kabichi, Kibumba na kuziuza hapa mujini. Tulizaliwa tumbo moja, na hasira tuligawana. Yeye alipewa fungu kubwa. Alipokea ujumbe akiwa barabarani, akaacha shu kwenye lori, akaja nyumbani na vumbi lake.

Alisema Papa wa Mulimani ni mwizi. Alisema hata saba si kweli, yeye alipanda huko juzijuzi na kwa macho yake aliona ng'ombe wa Papa wanazidi hapo, basi kama muzee anasema watano, hesabu wenyewe ameshakula wangapi. Atapanda Jumatatu na watu wenye nguvu, wamukamate, wachukue kilichobaki. Na aliyekuwa akimupa nguvu za kusema hayo ni mimi. Kila nilipofungua mudomo alinyanyua telefone. Si ni wewe uliyesema hii haidanganyi?

Ninaomba musomaji aelewe jambo hili. Huko juu, mutunzaji akiitwa mwizi wa ng'ombe, amekwisha. Hakuna tena atakayemupa mutamba, watoto wake watakosa wa kuwaoa, na siku hizi watu wenye bunduki wanapenda sana kusikia nani ameshitakiwa, wapate sababu ya kumutoza. Muzee wa watu, nywele zote nyeupe, angeweza kupigwa au kufungwa kwa sababu ya kidole alichobonyeza kunifurahisha mimi.

Papa alikataa chakula siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa.

Nilikimbia Kituku, nikamwambia mwenzangu tufute. Akaniangalia kwa huruma. Tulijua wote wawili. Tungeweza kuongeza mustari mupya wa kusahihisha, lakini ule wa kwanza ungebaki hapo na wekundu wake, ukisomeka, hadi wajukuu wetu wazeeke. Nilikasirika, lakini safari hii sikuona wa kumukasirikia. Nilitengeneza kitu kisichosamehe, nikazunguka muji nikikisifu. Nilikaa kwenye ngazi za soko, mama wauza samaki wakinipita na beseni zao, nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikarudi kumuuliza Papa, peke yetu. Kwa nini ulisema saba?

Akaniita Mama, kama anavyoniita tangu utotoni, akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Mama, ng'ombe hawahesabiwi. Ulikua ukilijua hilo, shule ikakusahaulisha. Na wewe uliniambia mwenyewe kwamba ndani ya hiyo telefone kuna dunia nzima inasoma. Nani anaiambia dunia nzima ng'ombe wake ni wangapi?"

Ee Mungu wangu. Nilikumbuka saa ileile. Nikiwa mudogo, tulipokuwa tukirudi huko likizo, nilinyoosha kidole nikaanza moja, mbili, tatu, na bibi akanipiga kofi la mukononi kabla sijafika nne. Kuhesabu ng'ombe ni kuita jicho la mutu, ni kuita ugonjwa, ni kuita wezi. Mugeni akikuuliza wangapi, unapunguza, na yeye anajua umepunguza, na wote munabaki na heshima. Papa alipunguza. Rafiki yake naye alipunguza, kwa kiasi chake. Hakuna aliyeiba. Wazee wawili waliipa aplikasyo yangu jibu la adabu, nayo haikujua adabu. Na mimi, binti wa muchungaji, ndiye niliyeweka swali hilo kuwa la kwanza.

Nilimweleza yaya. Hakunisikia. Akasema hizo ni hadithi za wazee za kufichiana uchafu, na kama ni adabu, basi muzee aje atuambie wangapi, hapa, mbele ya watu.

Na muzee akaja. Hakusubiri Jumatatu, habari mbaya huko juu hazihitaji rezo. Jumapili baada ya misa tulimuona mulangoni, ameteremka na lori la viazi, koti lake limefungwa kifungo hadi shingoni, na jibini moja la duara amelifunga kwa majani ya ndizi. Alisalimia wote. Papa alisimama, kitu ambacho magoti yake hayamuruhusu siku hizi, wakashikana mikono na kuulizana habari za watoto, za mvua, za malisho, za barabara, moja moja, bila kuruka hata moja. Yaya alibaki amesimama karibu na ukuta, mikono kifuani. Mimi nilikaa kwenye mukeka.

Kisha Papa wa Mulimani akasema amesikia kuna maneno, na yeye amekuja kumupa ndugu yake habari za nyumbani. Papa akafumba macho. Na yule muzee akaanza.

Hakutaja idadi. Alianza na mweusi mwenye paji jeupe, yule aliyezaliwa mwaka wa mvua ya mawe, akasema amezeeka lakini bado anaongoza wenzake kwenda majini. Binti yake ni yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, ana mimba. Binti ya mwekundu ni yule wa majivu, mukorofi, anayemupiga teke kila anayemukamua asipomwimbia. Akaenda hivyo, mama na binti, mama na binti, kila ng'ombe akishikwa kwa aliyemutangulia, na Papa akiwa amefumba macho aliitikia, mara nyingine akitabasamu, mara moja akauliza kama yule wa majivu ameacha kuogopa radi. Muzee akasema hajaacha.

Nilihesabu kwa vidole chini ya kitenge changu. Nilimuona yaya naye midomo inacheza. Idadi niliyoipata sitaiandika hapa, lakini ilipita saba kwa raha, na kadiri ilivyopanda nilihisi mugongo wangu unalegea, mufupa baada ya mufupa. Walikuwepo. Wote aliowahi kutusimulia Papa walikuwepo.

Kisha muzee akataja mumoja wa mwisho, wa kahawia, muguu wa nyuma mweupe. Akamutaja haraka, akashika jibini lake kana kwamba anataka kulifungua.

Yaya akaruka juu ya hilo. Akasema kila mumoja ametajwa mama yake, huyu wa kahawia mama yake ni nani? Mbona wa kahawia tuliyemujua sisi hakuwa na muguu mweupe?

Nilitaka kumurukia. Lakini Papa wa Mulimani aliweka jibini chini. Alisema, akimuangalia Papa na si yaya, kwamba yule wa kahawia wa zamani, ambaye marehemu mama alimupenda na maziwa yake yalitulea mimi na yaya, alichukuliwa na watu wenye bunduki. Walimuchukua juma lilelile alilofariki mama. Yeye alikuwa tayari kuteremka kwenye matanga, akajiuliza atamupaje ndugu yake vifo viwili kwa siku moja. Basi alikwenda kwenye boma lake mwenyewe, akachukua mutamba wa kahawia, wa uzao wa yule Papa aliyemupa ujanani, akamuweka kwenye kundi la Papa. Alidhani atalisema siku moja likipoa. Halikupoa. Akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa kuficha.

Yaya alikuwa ameshusha mikono.

Papa akafumbua macho.

"Nilijua," akasema. "Muuza maziwa aliniambia kabla hata hatujamaliza matanga."

Papa wa Mulimani akainua kichwa. Akauliza, kwa sauti ya mutu aliyeibiwa, mbona basi hakumwambia kwamba anajua.

"Mutu akikupa kitu gizani," Papa akasema, "unawasha taa ya nini?"

Wakaangaliana wale wazee wawili. Aliyeanza kucheka ni yule wa mulimani, kicheko kidogo cha puani, kisha Papa, kisha wote wawili wakacheka hadi machozi yakawatoka na Papa akalazimika kushikilia kiti. Miaka yote hiyo mumoja ametoa kwa siri na mwingine amepokea kwa siri, kila mumoja akimulinda mwenzake. Nilicheka na mimi, nikilia, na mwili wangu mzima ulikuwa mwepesi. Siwezi kueleza nafuu ile zaidi ya kusema kwamba nilisikia njaa ghafla, njaa kali, na nilipoweka ugali Papa akala vipande vitatu vya jibini kabla ya kunawa.

Walitaka kujua mashini inasema nini sasa. Nikawasomea: saba, watano, hazilingani. Nikawaomba msamaha, nikawaambia haifutiki. Papa alifikiri kidogo, akasema iachwe ibaki hivyo, kwa sababu mwizi akiisoma ataona hapa kuna wazee maskini tena wanaogombana, atakwenda kwingine. Papa wa Mulimani akaona ni akili nzuri sana, akaanza kuiheshimu blokcheni kwa mara ya kwanza.

Aplikasyo tuliibomoa, mimi na mwenzangu, tukaijenga upya. Haiulizi tena wangapi. Inauliza amezaliwa nani, wa rangi gani, na mama yake ni yupi, na kinachofika kwenye zile nakala za dunia ni alama isiyosomeka, hadithi yenyewe inabaki kwa wawili wale, mwenye ng'ombe na mutunzaji. Maneno kumi na mbili bado yanatusumbua, rezo pia, na yule muzee wa biro bado anasubiri nimuonyeshe meza. Tuna watumiaji wachache. Sina tena haraka nao.

Lakini nilitaka kusema habari za yaya. Jumatatu ile asubuhi Papa wa Mulimani alikuwa uani amefunga koti lake, lori linamusubiri barabarani, na yaya akatoka, akapiga magoti mbele yake kwenye yale mawe. Kwetu mutu aliyesema maneno mabaya hayaondoi kwa maneno. Akasema kwamba huko Kibumba ana mutamba mumoja, yule aliyewahi kunionyesha, amemununua kwa faida ya shu, na hana mutu wa kumutunzia. Akasema:

"Papa, ninaomba umuchukue."

Muzee alimuinamia. Nilishika ukuta. Angeweza kukataa, na sisi wote tungejua maana yake, na yaya angebeba hilo hadi kaburini.

"Rangi gani?" akauliza.

Yaya akajaribu kumwambia, sauti ikamukatalia, ikabidi nimujibie mimi.